Maharage ya Mama Riziki

Wakili alipoanza kusimulia habari ya maharage, sahani ya pilau ilikuwa mapajani mwangu na kijiko kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nilikirudisha. Ilikuwa sherehe ya kumuaga, anastaafu baada ya miaka yote ile ya kutetea wakimbizi, na ukumbi waliokodi uko hapa Kyambogo, hatua chache na chuo ninakofundisha, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutokwenda. Jina lake silitaji. Alilitaja mwenyewe vya kutosha siku ile, tena kwa kipaza sauti. Alisimama na suti yake ya kijivu, akanyamaza kidogo kama anavyofanya akitaka watu walie, kisha akasema: "Alikuja kwetu mama mmoja kutoka Kongo. Alikuwa amejificha kwenye shamba la mihogo tangu asubuhi. Akasikia harufu ya maharage yake yakiungua jikoni, akajua hakuna aliyebaki hai wa kuepua sufuria." Mama mmoja mbele yangu akatoa leso. "Mama huyo tulimpigania," akaendelea, "na haki yake akaipata. Leo yuko ng'ambo na wajukuu." Makofi! Watu wakasimama. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu maharage yale nayajua kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani, na mama yule hakupata haki yoyote. Hakupata hata karatasi ya kufungia karanga.

Nilitaka kusimama nimwambie, "Mwongo we!" mbele ya wageni wake na keki yake. Sikusimama. Nimekuwa mtu wa kutosimama tangu mwaka ule ninaotaka kuueleza, na hasira yangu, kama nitasema kweli, si kwake peke yake. Nusu ni kwangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Habari za ukoo wangu tuziache. Itoshe kujua kwamba nilikulia kwenye kota za askari, na Kiswahili nilikipatia huko. Kampala ya wakati ule, ukiongea Kiswahili dukani, mwenye duka anakutazama mikono aone kama umeshika bunduki. Lakini palikuwa na ofisi moja ndogo ya msaada wa kisheria juu ya kilima cha Makindye ambayo ilikuwa inakitafuta Kiswahili kwa udi na uvumba, maana Wakongo walikuwa wanamiminika na hakuna wa kuwasikiliza. Nikaajiriwa kuwa karani na mkalimani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya vigae, na bafuni mlikuwa na hodhi refu la kuogea la kizungu ambalo bomba lake halikuwa limetoa maji tangu enzi na enzi. Mafaili tuliyapanga humo: upande wa bomba yanayosubiri, upande wa pili yaliyokataliwa. Ukitaka faili la mtu unapiga magoti kando ya hodhi kama unayemwogesha mtoto. Sebuleni watu walikaa kwenye viti vya plastiki tangu saa moja asubuhi, na tarumbeta ya kambi ya jeshi ikilia kule chini, nusu yao wanaruka. Wageni wetu wa Ulaya walipokuja kukagua waliliona hodhi wakacheka, wakalipiga picha. Sisi tukacheka nao. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu anakaa mbele yangu, anasimulia kwa Kiswahili kilichomkimbiza kwao. Mimi naandika kwa Kiingereza. Maandishi hayo tuliyaita maelezo, na yalikwenda kwenye kamati ya serikali iliyokuwa inaamua nani ni mkimbizi na nani si mkimbizi. Kamati ikikubali, unapata karatasi. Askari akikusimamisha barabarani unamwonyesha. Ikikataa, una rufaa moja tu, halafu basi. Kwa hiyo maisha ya mtu yalikaa kwenye kurasa tatu nne za mwandiko wangu mimi, msichana wa kota, ambaye hata kupika wali usioshikana nilikuwa bado sijajua.

Mama Riziki alikuja mwanzoni mwa mwaka. Jina hilo alikuwa bado hajalipata. Riziki alikuwa tumboni, wa miezi mitano. Alikuwa ametoka upande wa Ituri, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kitenge kimoja alichokuwa anakifua usiku akivae asubuhi. Kwenye mahojiano alinipa majibu ya neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Sijui. Nilikata tamaa, nikasema hili faili halifiki popote. Saa ya chakula, mpishi wetu akapakua kama kila siku, posho, yaani ugali, na maharage, nami nikampelekea mama huyo sahani jikoni, alikokuwa amekaa karibu na dirisha. Akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Mi sikuli tena maharagi, dada."

"Yanakuumiza tumbo?"

"Hapana." Akageukia dirisha. Kisha akaniambia yote, bila kunitazama. Alikuwa ameinjika maharage alfajiri, akaenda shambani kuchimba mihogo ya mchana. Watu wenye silaha wakaingia kijijini. Akalala kifudifudi kati ya mihogo, asione kitu, milio ikakoma, na alikuwa bado anajiambia labda watoto wake watatu wamekimbilia kwa jirani. Ndipo harufu ikaja. Binti yake mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, hajawahi kuunguza sufuria hata siku moja. "Harufu njo iliniambia," akasema; 'njo' ya kwao ni 'ndiyo' yetu. Mimi niliacha sahani ikapoa, nikakimbilia mezani kwangu nikaandika kabla sijasahau hata neno.

Wakili aliposoma alitoka ofisini mwake na karatasi mkononi. "Nani ameandika hii?" Nikasema ni mimi. Akawaita wenzangu wawili, akaisoma kwa sauti, akarudia sentensi ya sufuria mara mbili. "Hivi! Hivi ndivyo ninavyotaka maelezo yaandikwe. Kamati wamechoka na 'nilikimbia vita, nilikimbia vita.' Akello amewapa harufu!" Kichwa kikanivimba, sitaki kudanganya. Akatoa nakala, akafuta jina kwa wino mweusi, akaibandika ukutani juu ya mashine ya kupiga chapa iwe mfano wa kuigwa. Faili lenyewe la Mama Riziki likaenda kulala ndani ya hodhi upande wa bomba, likisubiri barua fulani ya polisi. Barua ilichukua miezi na miezi. Nakala ikawa inasomwa kila siku, mwenyewe akiwa kwenye kiti cha plastiki sebuleni.

Halafu akaja mzee mmoja, fundi cherehani. Yeye kusema alikuwa hawezi kabisa. Kila swali anajibu, "Tuliondoka," machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nilijaribu siku tatu. Siku ya nne nilikuwa na kurasa mbili tupu na tarehe ya kamati ni kesho yake. Nikainua macho, nikaiona ile nakala ukutani. Jamani, nilimhurumia, na huo ndio ukweli. Nilijiambia bila shaka hata kwake palikuwa na kitu jikoni. Watu wote wana majiko. Nikamwandikia maharage. Akapita! Alirudi kunishukuru na gauni alilonishonea, nami nikalivaa kanisani Jumapili nikijiona mkombozi. Baada ya fundi akaja mwingine asiyejua kujieleza, na mwingine. Kuna mama niliyembadilishia nikamwandikia mahindi, lakini sentensi ya sufuria niliiacha vilevile, neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa naipenda mno. Walifika kumi na mmoja. Wakili alikuwa anasoma kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Siku moja aliniita, akaweka kidole kwenye mstari.

"Akello. Maharage tena?"

Nilidhani ananifukuza kazi. Akatabasamu, akatia sahihi. "Hayajatuangusha bado," akasema.

Watu siku hizi wananiuliza, wanafunzi wangu hasa, kama kazi ile haikuwa inasikitisha. Wanataka niwaambie kuhusu machozi. Mimi nawaambia ilikuwa inakasirisha, wanashangaa. Ebo! Nani aliweka sheria kwamba mtu aliyefiwa na wote lazima ajue kusimulia vizuri? Nani alisema fundi cherehani awe msimulizi hodari ndipo asirudishwe kwa waliomchinjia wanawe? Kamati ilikuwa inataka hadithi tamu, sisi tukajifunza kupika hadithi, halafu kamati ikakasirika kwamba tunapika. Na aliyeunguzwa ni yule ambaye hadithi ilikuwa yake.

Kwani barua ya polisi ilikuja hatimaye, mwezi wa kumi, na Mama Riziki akaitwa na kamati. Alikwenda na mtoto mgongoni, sasa anaitwa kwa jina la mtoto. Alirudi kabla ya saa sita. Nilimkuta jikoni ananyonyesha, akanieleza polepole kama mtu asiyeelewa alichokiona. Yule bwana aliyemhoji alisikiliza mpaka alipofika kwenye sufuria, akaweka kalamu chini, akacheka. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. "Hata huyu naye maharage! Kongo nzima ilipika maharage siku moja?" Wiki tatu baadaye barua ya kukataliwa ikafika, na kazi ya kumsomea ilikuwa yangu. Maelezo ya mwombaji, ilisema, yanafanana neno kwa neno na ya waombaji wengine. Ni dhahiri amefundishwa. Hasemi kweli.

"Nani alibeba maharagi yangu?" akauliza.

Ningeweza kumwambia sijui. Nikamwambia ni mimi. Nikamtajia wote, hata gauni nikalitaja. Alisikiliza huku anampapasa mtoto kisogo.

"Ule muzee wa cherehani, alipita?"

"Alipita."

"Vizuri," akasema. Akanitazama sasa. "Na mi je?"

Nilikwenda kwa Wakili moja kwa moja, sikupiga hodi. Nikamwambia nitaapa. Nitaandika hati ya kiapo kwamba maneno ni ya mama huyu, kwamba wengine niliwaandikia mimi. Alifunga mlango. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Ukiapa hivyo, wale kumi na mmoja wanafunguliwa mafaili upya kesho asubuhi. Ofisi hii inafungwa. Wewe unakwenda jela ya Luzira, na mimi nakufuata. Umtose mzee wako wa cherehani? Haya, chukua kalamu." Kalamu aliisukuma mezani mpaka ikagusa mkono wangu. Sikuichukua. Alikuwa na mpango mwingine: kwenye rufaa maharage yaondolewe. Mama aseme alikimbia tu, kama watu wote.

Nilimpelekea Mama Riziki ujumbe huo, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona amekasirika. "Niseme niliona? Sikuona. Harufu njo iliniambia batoto yangu balikufa. Nikiitoa, nitasema nilijua namna gani?" Na ni kweli. Ukiondoa sufuria, hadithi nzima inabaki na tundu katikati, mama aliyewaacha watoto watatu akaenda zake. Nilirudi kwa Wakili nikamwambia amekataa. Akakuna kidevu. "Mkalimani si ni wewe? Akitaja maharage, usitafsiri."

Nami nikasema sawa. Nimeandika neno hilo, nimelitazama, na sitalifuta. Nilisema sawa.

Bodi ya rufaa ilikaa kwenye chumba chenye mazulia, watu watatu nyuma ya meza, chai na sambusa mbele yao. Wawili walikuwa wanasheria. Wa tatu alikuwa mzee mwenye kipara, hakuuliza kitu asubuhi nzima, anakula sambusa yake taratibu akitazama dirishani. Mama Riziki alisimulia akiwa amesimama, mtoto amelala mgongoni. Nilitafsiri vizuri. Mihogo nikatafsiri, milio nikatafsiri, kulala kifudifudi nikatafsiri. Alipofika kwenye harufu alinigeukia, akaisema polepole, kila neno peke yake, ili nisikosee. Nikawaambia bodi: "Baada ya hapo akatambua kwamba familia yake imekufa." Basi. Yule mzee akaacha kutafuna.

"Wewe, mutoto," akaniambia, kwa Kiswahili cha kambini, kile kile changu cha utotoni. "Huyu mama nasema maharage. Wewe nasema hapana maharage. Maharage iko wapi?"

Nikatazama zulia.

"Mimi iko jeshi miaka mingi. Mimi nasikia Kiswahili. Kwa nini wewe naficha?"

Nilimtazama Wakili. Alikuwa anafungua mkoba wake, anatafuta karatasi ambayo haikuwemo. Dakika ile ningeweza kusema yote, kwa lugha yoyote kati ya mbili zilizokuwa kinywani mwangu. Nikasema, "Nimesahau, mzee." Akaandika kitu, akarudi kwenye sambusa yake. Mama Riziki hakuwa amejua Kiingereza changu kimeruka nini mpaka alipomsikia mzee. Kutoka pale mpaka Makindye hakunisemesha. Rufaa ilikataliwa kwa aya moja: hata mkalimani wake mwenyewe aliona aibu kuutafsiri uongo huo.

Mwisho wa mwaka niliacha kazi. Wakili aliniandikia barua ya sifa, ukurasa mzima, kwamba mimi ni mwaminifu na mahiri wa lugha, na kwa barua ile nikapata nafasi chuoni, na kwa nafasi ile nimekula mpaka leo. Ndiyo maana nikasema hasira yangu nusu ni kwangu.

Sasa turudi ukumbini. Makofi yalipokwisha nilimfuata penye keki. "Mama Riziki yuko ng'ambo ipi?" nikamuuliza. Alinikumbatia kwanza. "Akello wetu! Unajua watu wanahitaji mwisho mwema, bambi, jamani. Wanachangia vizuri." Nikauondoa mkono wake begani kwangu kama unavyoondoa mdudu, nikatoka. Asubuhi yake nilikuwa sokoni Makindye, kwa wanawake wa Kikongo wanaouza sombe, yale majani ya mihogo ya kutwanga. Nikauliza wa kwanza, wa pili. Wa tatu akainua mchi akanionyesha binti mrefu mwisho wa safu, na sikuhitaji kuuliza tena.

"Mama alifariki mwaka jana," Riziki akaniambia, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, maana hajawahi kuishi kwingine isipokuwa Kampala. Uganda wanamwambia ni Mkongo. Ubalozi wa Kongo unamwambia alete uthibitisho. Mara mbili ameomba ukimbizi, mara mbili wamefungua faili la mama yake wakamrudishia: binti wa mwombaji aliyesema uongo. Ana mtoto wa miaka minne ambaye naye hana karatasi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza yote tangu sahani ya jikoni. Aliendelea kutwanga muda wote ule.

"Kumbe anti ni wewe," akasema nilipomaliza. "Mama alikuwa anasema kuna dada alimsikiliza vizuri sana." Akatwanga tena, mara tatu, nne. "Halafu alikuwa anasema, lakini alinyamaza."

Sikumwomba msamaha, ningemwomba kwa mdomo gani? Nilimwambia nitaapa. Wale kumi na mmoja wengi wamekwisha kufa au wamehama, na walio hai majina yao sitayataja hata nikilala Luzira. Lakini langu nitalitaja, na la Wakili, na nitaandika kwamba Mama Riziki alisema kweli. Tuliandika kwangu, Jumamosi tatu mfululizo, mimi kwenye kalamu na yeye akinisahihisha, kwa kuwa alikuwa ameisikia hadithi ile mara nyingi kuliko mimi. Nilikuwa nimesahau kwamba binti mkubwa alikuwa hajawahi kuunguza sufuria hata siku moja. Yeye alikumbuka. Jina la dada yake huyo pia alilijua, na watoto wote watatu tukawaandika kwa majina, jambo ambalo mwaka ule sikuona haja ya kulifanya.

Juzi tukaipeleka kwa mwanasheria kijana ambaye watu walituelekeza, mpole, mwenye kompyuta na chumba safi kisicho na hodhi. Alisoma kurasa zote bila kuinua kichwa. Alipofika mwisho alivua miwani, macho yamemlowa.

"Madamu," akaniambia, "hapa pa maharage pameandikwa vizuri mno. Mngeniruhusu nibaki na nakala? Tunao makarani wapya, tunawafundisha kuandika maelezo."

Nilifungua mdomo. Riziki alikuwa amekwisha kunyoosha mkono juu ya meza, akaweka kiganja kwenye karatasi, akaivuta upande wake.

"Hapana, ssebo," akamwambia, kwa heshima ya Kiganda. "Haya maharage ya mama ndiyo tumekuja kuyachukua."